Mshumaa wa Majilio, macho yanayouma na mwanga wa zambarau

*"Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mlutheri. Mwaka huu tumetengeneza shada la Majilio nyumbani. Nilitaka kusali kwa utulivu zaidi, nikafuata mafundisho ya video moja: kukaa mbele ya mshumaa nusu saa bila kupepesa macho mpaka machozi yatoke, kisha kufumba macho. Nikifumba naona duara la bluu inayoelekea zambarau, na kabla ya hapo kuta za chumba huwa kama zimetoweka. Nilidhani ni ishara, maana zambarau ndiyo rangi ya Majilio. Lakini kichwa kinaniuma hadi usiku. Wifi yangu, ambaye ni mlokole, anasema haya ni mambo ya waganga na ya Wahindi, nizime mishumaa yote. Je, nimekosea? Na ninaweza kujifunza kitu kutoka dini nyingine bila kuvunja imani yangu?"*

Dada yangu, umeuliza maswali matatu kwa pamoja: la macho, la wifi yako na la imani. Naanza na macho kwa kuwa ndiyo yanayoumia sasa. Acha leo hii kukodolea mwali bila kupepesa. Shada, yaani lile duara la matawi lenye mishumaa minne ya majuma ya Majilio kabla ya Krismasi, libaki mezani, na sala ya mbele ya mshumaa iendelee kwa namna nyingine nitakayokueleza. Hukutenda dhambi. Ulifuata zoezi ambalo aliyekufundisha hakukwambia linafanya nini mwilini.

Lile duara ni kazi ya jicho. Nyuma ya jicho kuna retina, utando wenye chembe zinazopokea mwanga kwa kutumia kemikali maalumu. Ukitazama mwali mahali pamoja kwa muda mrefu, chembe za sehemu hiyo hutumia kemikali yake haraka kuliko inavyorudishwa, na zile zinazopokea rangi ya mwali, yaani njano na chungwa, ndizo huchoka zaidi. Ukifumba macho, zilizochoka hunyamaza na nyingine huendelea kutuma habari, ndipo ubongo unaona rangi ya upande wa pili. Kinyume cha njano ni bluu na zambarau. Mtu asiye na dini yoyote akikaa mbele ya mshumaa huohuo mwezi wa Juni ataona rangi hiyohiyo.

Unaweza kulipima mwenyewe bila kurudia nusu saa. Sekunde 20 za kutazama kawaida zinatosha. Hamisha macho kwenye karatasi nyeupe uliyoishika mkononi, kisha kwenye ukuta wa mbali. Doa litakuwa dogo kwenye karatasi na kubwa ukutani, na litakimbia kila unakohamishia macho. Kitu kilichoko chumbani hakifanyi hivyo. Doa limo ndani ya jicho, na ubongo unalikadiria ukubwa kwa kufuata umbali wa unachokitazama. Litafifia lenyewe ndani ya dakika moja au mbili.

Kuta kutoweka nako kunaelezeka. Mwaka 1804 daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, aliandika kwamba mtu akikazia macho nukta moja, vitu vya pembeni visivyosogea hufifia hadi kupotea, kwa sababu mfumo wa kuona huacha kujibu kitu kisichobadilika. Gizani hutokea upesi zaidi. Machozi nayo si machozi ya toba. Kupepesa ndiko kunakolowesha uso wa jicho. Ukijizuia, unakauka, unawasha, na mwili unamwaga maji kujilinda. Kichwa kinakuuma kwa sababu misuli ya macho, paji la uso na shingo imekazwa nusu saa nzima mbele ya taa moja kali katika chumba cheusi.

Kanisa lako limeshalisemea jambo hili. Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani huko Vatikani, chini ya Kardinali Ratzinger ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu tafakuri ya Kikristo. Barua hiyo inasema mazoezi fulani ya mwili huleta yenyewe hali ya utulivu na hata matukio ya mwanga na joto, na kwamba ni kosa kubwa kuyahesabu kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Barua hiyohiyo haikatai kila kitu cha dini nyingine. Inaruhusu kuchukua kinachofaa, mradi lengo la sala ya Kikristo, ambalo ni kukutana na Mungu aliye nafsi hai, lisipotee. Kwa hiyo swali lako la tatu limejibiwa nusu: ndiyo, unaweza kujifunza, ukijua unachukua nini na unaacha nini.

Sasa wifi yako. Usimdharau, maana hofu yake ina chanzo. Katika miji yetu wako watu wanaouza mishumaa ya rangi pamoja na masharti yake: mwekundu wa kumrudisha mume, wa kijani wa pesa, mweusi wa kumfunga adui. Ambaye ameona ndugu akiishiwa fedha kwa njia hiyo atashtuka akikuta mishumaa ya zambarau mezani kwako. Mweleze tofauti kwa upole. Mshumaa wa mganga unaagizwa ufanye kazi, ulete au uzuie jambo. Mshumaa wa Majilio hauagizwi chochote. Unahesabu majuma, na rangi yake inataja majira tu, kama mavazi ya padre altareni.

Historia ya shada lenyewe itamsaidia, na itampendeza mume wako pia. Lilianzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839, katika makao ya watoto maskini yaitwayo Rauhes Haus huko Hamburg, Ujerumani. Alichukua gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa mikubwa myeupe 4 kwa ajili ya Dominika na midogo myekundu kwa siku za katikati, watoto wauone muda uliobaki kabla ya Krismasi. Mingine iliondolewa baadaye, ikabaki minne. Wakatoliki wa Ujerumani walilipokea katika miaka ya 1920 na kuweka rangi za liturujia: zambarau 3, na wa waridi 1 kwa Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha. Kwa Walutheri wengi yote minne ni ya rangi moja. Wamoraviani, Waprotestanti walioingia Rungwe, Tanzania, mwaka 1891, wana desturi ya zamani kuliko hiyo: mwaka 1747 huko Marienborn, Ujerumani, askofu wao Johannes de Watteville aliwagawia watoto mishumaa midogo yenye utepe mwekundu katika ibada ya kungoja Krismasi. Nyumba ya Mkatoliki na Mlutheri haina la kugombania hapa. Chagueni rangi moja au mbili, msonge mbele.

Kumbuka pia kwamba shada lilizaliwa mahali ambako mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni na miti mingi haina jani. Kwetu jua la Desemba huzama karibu saa 12 na nusu, na usiku wala hauongezeki. Usijilazimishe kuhisi giza la baridi ambalo halipo. Ujumbe unaobaki kwa watu wa Ikweta ni wa kungoja, wa nuru inayoongezwa juma kwa juma, na huo unatosha.

Nikupitishe katika dini nyingine, kwa sababu mishumaa inafanana machoni na kila mmoja una kazi yake.

Wayahudi wana Hanuka, siku 8 zinazoanza tarehe 25 ya mwezi Kislev, kwa kawaida ndani ya Desemba. Wanakumbuka kutakaswa kwa Hekalu baada ya ushindi wa Wamakabayo, habari utakayoisoma katika Biblia yako, 1 Wamakabayo sura ya 4. Na Yohane 10:22 inamtaja Yesu akiwa Hekaluni wakati wa sikukuu hiyo. Usiku wa kwanza huwaka taa moja, wa pili mbili, hadi nane, na kila usiku kuna mshumaa mmoja wa pembeni unaowashia mingine. Ukijumlisha, yote ni 44. Sheria yao moja naipenda sana: nuru za Hanuka hazitumiki kwa kazi. Husomi kwazo, huhesabu pesa kwazo, unazitazama tu, kwa angalau nusu saa baada ya giza kuingia. Hilo unaweza kulichukua leo bila kugusa imani ya mtu: katika dakika za sala, mwanga wa shada usiwe wa kupekulia simu wala kumenyea vitunguu. Lakini usiweke kinara cha Hanuka kati ya mapambo yako ya Krismasi. Ni ibada ya watu wengine na ina maana yao.

Waorthodoksi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania walio chini ya Patriarki wa Aleksandria, hawana shada. Wana mfungo wa siku 40 kuanzia Novemba 15, na mshumaa mwembamba wa nta ya nyuki unaowashwa mbele ya picha takatifu. Kwao mshumaa ni sadaka. Jicho linaelekea uso wa Kristo uliochorwa, na mwali uko pembeni ukiutia nuru. Dada, ukiona mwali unakuteka mno, mpangilio huu ni dawa nzuri: weka picha ya Bikira Maria au msalaba katikati, mshumaa kando.

Zoezi ulilofundishwa linatoka India. Linaitwa trataka, na kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15 hivi, kinalitaja miongoni mwa mazoezi 6 ya kusafisha mwili: kukazia macho kitu kidogo hadi machozi yatoke. Kwa wenyewe ni maandalizi yanayofanywa chini ya mwalimu, kwa hatua, na tayari mwili umezoezwa kukaa. Video ilikupa hatua ya mwisho siku ya kwanza. Na kama kuna anayekufundisha kulifanya kwa kutazama jua, mkimbie, maana jua huunguza retina na kidonda hicho kinaweza kubaki daima. Wala usilichanganye na zile taa ndogo za udongo zinazowekwa milangoni wakati wa Diwali. Hizo ni za sikukuu, hakuna anayezikodolea macho.

Wabuddha wa mapokeo ya kusini wana tafakuri ya moto, iliyoelezwa na Buddhaghosa, mfafanuzi wa mafundisho yao, katika karne ya 5. Mtawa huwasha moto, hutundika mkeka wenye tundu la shibiri moja na vidole vinne, kisha hutazama kupitia tundu hilo. Anaagizwa asijali kuni zilizo chini wala moshi ulio juu. Lengo ni kuufundisha moyo kukaa mahali pamoja. Hakuna anayeombwa wala kungojwa.

Na Waislamu, majirani zetu wa kila siku, hawana ibada ya mshumaa. Aya ya 35 ya Sura An-Nur inaufananisha mwanga wa Mwenyezi Mungu na taa iliyo ndani ya tundu la ukutani, lakini hiyo ni aya ya kusomwa na kutafakariwa. Haiagizi kuwasha chochote. Mgeni Mwislamu akikuta shada lako, mwambie tu ni kalenda yetu ya kungojea Krismasi.

Basi nini kichukuliwe? Kwa maoni yangu, kutoka India na kwa Wabuddha chukua ufundi mmoja tu: jicho lililotulia husaidia mawazo kutulia. Usichukue muda wao mrefu, kujizuia kupepesa, wala matarajio ya kuona mianga. Usiweke pia dini tano katika jioni moja. Mtu anayebadili njia kila siku hubaki mlangoni kwa zote. Mfano wa aliyejifunza vizuri ni John Main. Katika miaka ya 1950, kabla hajawa mtawa Mbenediktini, alifundishwa katika nchi ambayo leo ni Malaysia na mwalimu wa Kihindu kukaa kimya akirudia neno moja. Baadaye aliwafundisha Wakristo njia hiyo kwa neno lililomo katika 1 Wakorintho 16:22, Maranatha, yaani Bwana, njoo. Sijui neno lifaalo zaidi kwa Majilio.

Fanya hivi. Baada ya chakula cha jioni, weka shada meta 1 hadi 1.5 kutoka ulipo, mwali ukiwa chini kidogo ya usawa wa macho yako. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, miguu chini, kochi litakulaza. Zima pangaboi. Acha taa ndogo ya ukumbini iwake, kwa sababu giza totoro ndilo linalofanya mwali uume macho. Kama unavaa lenzi, zivue. Soma Injili ya Dominika ya juma hilo, polepole, mara mbili: juma la kwanza ni la kukesha, la pili na la tatu yumo Yohane Mbatizaji, la nne ni habari za Maria au Yosefu.

Kisha tazama mshumaa dakika 2, ukipepesa kama kawaida. Usitazame kiini chenye kung'aa; tazama sehemu ya bluu iliyo chini ya mwali, au nta yenyewe. Baada ya hapo fumba macho au yashushe magotini, na useme moyoni Ma-ra-na-tha, silabi nne za urefu mmoja, pamoja na pumzi yako ya kawaida. Mawazo yakienda kwenye ada za shule au safari ya Krismasi, usijigombeze. Fungua macho, tazama mshumaa kwa pumzi moja, fumba, rudi kwenye neno. Doa la zambarau likitokea, liache lipite, usilifuate wala usilifukuze. Malizia kwa Baba Yetu. Zima kwa kufunika mwali na kijiko au kifuniko cha bati. Ukipuliza, nta huruka na moshi hutapakaa.

Juma la kwanza kaa dakika 10 kwa jumla, la pili 15, kisha 20. Usizidishe. Ukihisi kuumwa kichwa hata kwa utaratibu huu, acha kabisa kutazama, sali macho yakiwa yamefumbwa tangu mwanzo. Hupotezi chochote.

Kuhusu mishumaa yenyewe, watu wengi hukosea mahesabu. Majilio huanza kati ya Novemba 27 na Desemba 3, hivyo huwa na siku 22 hadi 28. Katika Majilio marefu, mkiwasha dakika 20 kila siku, mshumaa wa kwanza utawaka saa 9 na dakika 20, wa pili saa 7, wa tatu saa 4 na dakika 40, wa nne saa 2 na dakika 20. Katika Majilio mafupi wa nne huwashwa siku moja tu. Nunua basi wa akiba kwa ajili ya nafasi ya kwanza. Chagua myembamba, ya kipenyo cha sentimeta 2 hivi. Ile minene ya mapambo huhitaji kuwaka karibu saa moja kwa kila sentimeta 2.5 za kipenyo ili nta iyeyuke hadi ukingoni. Ukiizima baada ya dakika 15 kila siku huchimbika shimo katikati na utambi kuzama. Kata utambi ubaki milimita 5 hadi 6 kabla ya kuwasha, maana utambi mrefu ndio unaotoa masizi na kurusharusha mwali. Nta ikimwagika upande mmoja, ama kuna upepo ama mshumaa umeinama. Iachanishe sentimeta 10 au zaidi, vinginevyo inayeyushana.

Shada liwe kwenye sinia la bati lenye mchanga, mishumaa ikiwa imesimikwa ndani ya mchanga huo. Matawi ya mvinje au msonobari hukauka haraka kwa joto letu, na yakikauka hushika moto mara moja. Badilisha kila juma na yasiguse mshumaa. Na hili naliomba kwa msisitizo wote: mshumaa usiwashwe chumbani penye chandarua, wala karibu na pazia, wala usiachwe ukiwaka mtu akitoka nje hata kidogo. Umeme ukikatika, shada lisigeuzwe taa ya kubebwa. Nta ikiwaka moto sinia nzima, usimwage maji, itarusha moto; funika kwa sufuria au mwagia mchanga. Aliyeungua awekewe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, chumvi wala yai.

Nenda kliniki ya macho ukiona duru za rangi kuzunguka taa, ukihisi maumivu ndani ya jicho, uoni ukififia, au doa likikaa kwa zaidi ya dakika chache. Mwenye kifafa, kipandauso au presha ya macho asifanye zoezi la kutazama mwali bila kumuuliza daktari wake. Mtu anayeanza kusikia sauti zinazomwamuru, au kuona mambo hata asipokuwa kwenye sala, au anayepoteza usingizi siku kadhaa, aache tafakuri na apelekwe hospitali, na aliye karibu naye amsindikize. Aliyefiwa, ambaye kimya cha Majilio kinamzamisha katika huzuni isiyopungua kwa majuma mawili, asikae peke yake mbele ya mshumaa. Azungumze na mhudumu wa afya, na asali pamoja na jumuiya.

Kwa mambo ya roho, mwone paroko wako, naye mume wako amwone mchungaji wake. Dominika ya kwanza unaweza kumwomba padre abariki shada. Kanisa lina sala maalumu kwa ajili hiyo. Na mtu yeyote akikuuzia mshumaa kwa ahadi kwamba utakuletea kitu, au akikutaka ulipe ili akutafsirie ulichokiona, usimlipe, na umpelekee paroko habari hizo.